Kutoka Utomvu wa Mkonge hadi Kotisoni: Ugeuzaji wa Ketoni na Alkoholi katika Hekojenini

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mbinu za usanisi zinazotumika kugeuza alkoholi kuwa ketoni, ketoni kuwa alkoholi, na kuhamisha ketoni kutoka kaboni moja kwenda nyingine. Mfano uliochaguliwa ni hekojenini, steroidi inayopatikana katika utomvu wa majani ya mkonge, zao lililoujenga mkoa wa Tanga kwa zaidi ya karne moja. Hoja kuu ya makala ni kwamba thamani ya hekojenini ilitokana na jambo dogo la kimuundo: ketoni iliyo kwenye kaboni ya 12, yenye jirani mmoja tu anayeweza kushambuliwa. Makala yanaonesha jinsi ketoni hiyo ilivyofungua njia ya kutengeneza kotisoni na dawa za jamii yake, kisha yanajadili ni hatua zipi za njia hiyo zinaweza kufanyika karibu na shamba la mkonge na zipi zinadai miundombinu mikubwa zaidi.

1.0 Utangulizi

Jani la mkonge likipita katika mashine ya kuchakatia, ambayo wafanyakazi wa mashambani wameizoea kwa jina la korona, hutoa vitu viwili. Upande mmoja hutoka nyuzi, ambazo huoshwa, huanikwa juani na kupigwa brashi hadi kuwa katani. Upande wa pili hutoka nyama ya jani iliyopondeka pamoja na utomvu wake. Nyuzi ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Sehemu iliyobaki, yaani karibu jani zima, kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa taka. Utomvu huo una asidi na huwasha ngozi. Ukiachwa uingie mtoni, uozaji wake hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki pamoja na viumbe wengine hudhurika.

Katika taka hiyo mna molekuli ambayo, katika miaka ya 1950, ilikuwa miongoni mwa malighafi zilizotafutwa sana katika kemia ya dawa. Mwaka 1949 dunia ilikuwa imepata habari kwamba kotisoni, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, inaweza kuwainua kitandani wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa hawawezi kutembea. Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1950 kwa kazi yao juu ya homoni hizo. Hata hivyo, kotisoni ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya Merck ya Marekani kutokana na asidi ya nyongo ya ng'ombe, kwa njia yenye hatua zaidi ya 30. Nyongo haikuweza kutosheleza mahitaji ya wagonjwa, wala njia hiyo haikuwa rahisi. Hivyo wanakemia wa nchi mbalimbali walianza kutafuta mmea utakaotoa steroidi iliyo karibu na kotisoni kimuundo. Mojawapo ya majibu yalipatikana katika mkonge wa Afrika Mashariki.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: kwa nini hekojenini, na kwa mbinu gani? Maandiko mengi kuhusu mkonge wa Tanga yamejikita katika historia ya kazi, manamba, bei ya katani na utaifishaji wa mashamba mwaka 1967. Kemia ya utomvu wake haijafafanuliwa vya kutosha kwa Kiswahili, ilhali ndiyo inayoeleza kwa nini kitu kilichomwagwa mtaroni Muheza kiliweza kuwa dawa ghali katika maduka ya Ulaya.

2.0 Mkonge wa Tanga kama Chanzo cha Hekojenini

Mkonge si mmea wa asili wa pwani ya Afrika Mashariki. Uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida kupitia Hamburg, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache, mashamba yalienea Pangani, Muheza, Korogwe na kwingineko, na reli iliyoanzia bandari ya Tanga ikawa njia ya kusafirishia katani. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takribani tani 230,000 za katani, kiasi kilichoiweka mbele ya nchi nyingine zote duniani.

Upande wa kemia, jina hekojenini lilitolewa na Russell Marker, mwanakemia Mmarekani aliyechunguza steroidi za mimea mingi ya Mexico na Marekani katika miaka ya 1940, naye alilitoa katika jina la mmea Hechtia. Uhusiano wa molekuli hiyo na taka ya mkonge wa Afrika Mashariki ulibainishwa na Callow, Cornforth na Spensley, watafiti wa Uingereza, mwaka 1951. Baadaye kampuni ya Glaxo ya Uingereza iliifanya hekojenini kuwa malighafi yake ya kutengenezea kotisoni, na kisha betamethasoni.

Kiasi cha hekojenini katika jani ni kidogo, takribani asilimia 0.01 ya uzito wa jani bichi. Kwa hesabu ya kawaida, tani 1 ya katani hutokana na tani 25 za majani, na majani hayo huwa na takribani kilo 2.5 za hekojenini. Hakuna mtu angeweza kulima mkonge kwa ajili ya kilo 2.5 hizo pekee. Lakini kwa kuwa majani yamekwisha kukatwa, kusombwa na kusagwa kwa ajili ya nyuzi, gharama ya kuifikia hekojenini inabaki kuwa ile ya kuitenga tu. Hapa ndipo mkonge ulipokuwa na faida: ulikuwa na kiwanda tayari mlangoni pake.

3.0 Dhana za Msingi

Alkoholi ni kampaundi ya kaboni yenye kundi la haidroksili, yaani oksijeni moja iliyoshikana na haidrojeni moja. Ketoni ni kampaundi ambayo oksijeni yake imeshikana na kaboni kwa kifungo maradufu, na kaboni hiyo imeshikana na kaboni nyingine mbili. Jozi iliyo rahisi kuliko zote inapatikana majumbani. Propanoli-2 ni alkoholi iliyomo katika baadhi ya vitakasa mikono; asetoni ni ketoni inayotumika kuondolea rangi ya kucha. Propanoli-2 ikiondolewa atomu mbili za haidrojeni huwa asetoni; asetoni ikirudishiwa haidrojeni hizo huwa propanoli-2. Tendo la kwanza huitwa uoksidishaji, na la pili huitwa upunguzaji.

Si kila alkoholi huwa ketoni. Alkoholi ya daraja la pili, ambayo kaboni yenye haidroksili imeshikana na kaboni nyingine mbili na haidrojeni moja, ndiyo inayotoa ketoni. Alkoholi ya daraja la kwanza hutoa aldehaidi au asidi. Alkoholi ya daraja la tatu haina haidrojeni ya kuondolewa kwenye kaboni husika, hivyo haioksidishwi bila kuvunja molekuli.

Ketoni nayo ina tabia mbili zinazohusika katika makala haya. Ya kwanza ni kwamba kaboni ya kundi la kabonili hupenda elektroni, hivyo hupokea vitendanishi vinavyoleta haidrojeni yenye chaji hasi, kama sodiamu borohaidraidi. Ya pili ni kwamba haidrojeni zilizo kwenye kaboni jirani na kabonili hulegea. Ketoni inaweza kubadilika kwa muda mfupi kuwa enoli, yaani umbo ambalo kifungo maradufu kimehamia kati ya kaboni ya kabonili na jirani yake. Enoli hiyo ndiyo inayoshambuliwa na bromini. Kwa maneno mengine, ketoni huamua mahali ambapo mmenyuko utatokea hata pale ambapo yenyewe haiguswi.

Hekojenini ina kaboni 27, na fomula yake ni C27H42O4. Ina pete sita: nne za kawaida za steroidi, na mbili zenye oksijeni zilizoungana kwenye kaboni moja upande wa kulia wa molekuli. Makundi mawili ndiyo yanayobeba mjadala huu. Kwenye C-3 mna alkoholi ya daraja la pili. Kwenye C-12 mna ketoni. Kotisoni inayolengwa ina ketoni kwenye C-3, C-11 na C-20, na alkoholi kwenye C-17 na C-21. Ukilinganisha molekuli hizi mbili, tatizo linaonekana wazi: hekojenini ina oksijeni katika pete ya tatu, jambo ambalo ni adimu katika steroidi za mimea, lakini oksijeni hiyo imekaa kaboni moja kando ya pale inapotakiwa.

4.0 Kuitenga Hekojenini

Katika jani, hekojenini haipo peke yake. Mmea huiunganisha na mnyororo wa sukari kupitia alkoholi ya C-3, na kwa pamoja huitwa saponini. Saponini ndizo zinazoufanya utomvu wa mkonge utoe povu kama sabuni. Ili kuipata hekojenini, lazima kifungo kati ya sukari na oksijeni ya C-3 kivunjwe kwa maji na asidi, mmenyuko unaoitwa hidrolisisi.

Mbinu iliyotumika Afrika Mashariki ilikuwa nyepesi kwa vifaa. Utomvu ulikusanywa na kuachwa uchachuke kwa takribani siku saba. Wakati huo vimeng'enya huanza kukata sukari, na sehemu kubwa ya hekojenini, takribani asilimia 80, hutua chini pamoja na tope. Tope hilo hupashwa kwa mvuke wenye shinikizo ili kukamilisha hidrolisisi, kisha huchujwa na kukaushwa. Kinachopatikana ni unga mzito wenye takribani asilimia 12 ya hekojenini. Unga huu ndio uliopakiwa melini kwenda Uingereza.

Hidrolisisi hii inaonesha kanuni ya uteuzi, ambayo ni uti wa mgongo wa usanisi. Asidi huvunja kifungo cha sukari, lakini ketoni ya C-12 hubaki salama, na pete mbili zenye oksijeni nazo hustahimili. Mmenyuko mzuri haupimwi kwa kile unachokibadilisha tu, bali pia kwa kile unachokiacha.

Hekojenini ya mkonge huandamana na ndugu yake, tigojenini, ambayo ina alkoholi ya C-3 lakini haina ketoni ya C-12. Uwiano wa hizi mbili hutegemea aina ya mkonge. Kuzitenganisha kwa kufuwelisha tu ni kazi ngumu kwa kuwa zinafanana sana. Ketoni hutoa njia nyingine: kitendanishi cha Girard hushikamana na ketoni na kuifanya iyeyuke katika maji, huku tigojenini ikibaki nje. Asidi ikiongezwa baadaye, ketoni hurudi katika umbo lake la awali.

5.0 Kuhamisha Ketoni kutoka C-12 hadi C-11

Hatua hii ndiyo kiini cha mfano mzima. Kabla ya kuianza, alkoholi ya C-3 hufunikwa kwa kundi kinga. Hekojenini huchemshwa na anhidridi ya asetiki, na haidroksili hugeuka kuwa asetati. Asetati haioksidishwi na huondolewa kwa urahisi kwa alkali wakati wake ukifika. Aidha, hekojenini asetati hufuwelika vizuri kuliko hekojenini yenyewe, hivyo ulinzi na usafishaji hufanyika kwa pamoja.

Kisha huongezwa bromini katika mazingira ya asidi. Katika ketoni nyingi, jambo la kuhofia ni kwamba bromini inaweza kuingia upande wowote kati ya pande mbili za kabonili, na mazao yakawa mchanganyiko. Kwa hekojenini hofu hiyo haipo. Kabonili ya C-12 ina majirani wawili, C-11 na C-13. C-13 imeshikana na kaboni nne na haina haidrojeni hata moja, hivyo haiwezi kutoa enoli. Anayebaki ni C-11 pekee. Bromini haina pa kwenda ila pale hasa ambapo oksijeni ya kotisoni inatakiwa kukaa. Bromini nyingine huingia C-23, kwenye pete ya pembeni, lakini hiyo huondolewa baadaye kwa zinki bila kuathiri sehemu nyingine.

Bromaidi ya C-11 ikitibiwa kwa alkali, bromini hutoka na nafasi yake huchukuliwa na haidroksili. Sasa alkoholi na ketoni ni majirani, na majirani wa namna hii wanaweza kubadilishana nafasi. Kupitia enoli yenye haidroksili mbili, haidrojeni huhama, na molekuli hutulia katika umbo lililo thabiti zaidi: ketoni kwenye C-11 na alkoholi kwenye C-12. Hakuna oksijeni iliyobebwa kutoka kaboni moja kwenda nyingine; kilichotokea ni kwamba C-11 imepata oksijeni mpya, na ile ya zamani imeshushwa cheo kutoka ketoni kuwa alkoholi.

Inabaki kuiondoa alkoholi hiyo ya C-12. Kwa kuwa imekaa kando ya ketoni, ikifunikwa kwa asetati inaweza kung'olewa kwa metali inayotoa elektroni. Watafiti wa Glaxo walionesha katikati ya miaka ya 1950 kwamba kalisi iliyoyeyushwa katika amonia ya kimiminika hufanya kazi hiyo. Zao lake ni 11-oksotigojenini, yaani tigojenini yenye ketoni kwenye C-11. Djerassi, Ringold na Rosenkranz, waliofanya kazi katika kampuni ya Syntex huko Mexico, walikuwa wamekwisha kuchapisha mwaka 1951 njia kamili ya kutoka hekojenini hadi kotisoni. Hivyo kufikia katikati ya muongo huo, tatizo la kaboni moja kando lilikuwa limetatuliwa.

6.0 Kukamilisha Njia: Uoksidishaji na Ketoni Mpya

Pete mbili zenye oksijeni hazihitajiki katika kotisoni. Huondolewa kwa mbinu iliyobuniwa na Marker. Steroidi hupashwa moto mkali pamoja na anhidridi ya asetiki, na pete ya mwisho hufunguka. Kisha kromiamu trioksaidi huvunja kifungo maradufu kilichojitokeza na kuacha ketoni kwenye C-20. Asidi asetiki huondoa mnyororo uliobaki, na kifungo maradufu kipya hujengeka kati ya C-16 na C-17.

Ketoni hii ya C-20, yenye kifungo maradufu jirani, ni njia panda. Haidrojeni peroksaidi pamoja na alkali huweka daraja la oksijeni kati ya C-16 na C-17, na daraja hilo likifunguliwa huacha alkoholi ya daraja la tatu kwenye C-17. Kwa kuwa ni ya daraja la tatu, alkoholi hiyo haitaoksidishwa katika hatua zinazofuata, nayo haihitaji ulinzi mkubwa. Vilevile kifungo hicho maradufu huruhusu kundi la methili kuwekwa kwenye C-16, jambo linalotofautisha betamethasoni na deksamethasoni na steroidi zilizotangulia. Bromini, kwa msaada wa ketoni ya C-20, huingia C-21, na asetati huchukua nafasi yake.

Mwisho, alkoholi ya C-3, iliyolindwa tangu mwanzo, hufunuliwa na kuoksidishwa kuwa ketoni. Bromini mbili huwekwa kwenye C-2 na C-4, kisha huondolewa pamoja na haidrojeni za jirani. Kwa steroidi za jamii ya hekojenini, njia hii huelekea kutoa vifungo maradufu viwili katika pete ya kwanza. Kwa kotisoni, inayohitaji kimoja, hilo lilikuwa tatizo lililodai hatua za ziada. Kwa betamethasoni, inayohitaji vyote viwili, tabia hiyohiyo ni neema.

7.0 Ketoni Kuwa Alkoholi: Uso wa Molekuli

Upunguzaji wa ketoni huibua swali ambalo uoksidishaji hauna. Alkoholi ikigeuka kuwa ketoni, kaboni huwa bapa. Ketoni ikigeuka kuwa alkoholi, haidrojeni inaweza kuingia kutoka juu au kutoka chini, na alkoholi mbili tofauti zikapatikana. Kinachoamua ni nafasi. Katika steroidi, makundi ya methili ya C-18 na C-19 yamesimama upande wa juu kama nguzo. Kitendanishi hukwepa upande huo na kuja kutoka chini, hivyo haidroksili husukumwa juu.

Hekojenini ikipunguzwa kwa sodiamu borohaidraidi hutoa hasa rokojenini, ambayo haidroksili yake ya C-12 imeelekea juu. Mmenyuko huu hufanyika katika alkoholi ya kawaida, kwenye joto la chumba, na ni mfano mwafaka wa kufundishia wanafunzi.

Kanuni hiyo ina uzito mkubwa zaidi kwenye C-11. Kotisoni, yenye ketoni ya C-11, yenyewe haina nguvu ya dawa. Ini huipunguza kwa kimeng'enya na kuifanya haidrokotisoni, yenye alkoholi ya C-11 iliyoelekea juu, na hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe. Mwanakemia anayetaka kuifanya kazi ya ini katika chupa hukutana na kikwazo: ketoni ya C-11 imebanwa, na ketoni za C-3 na C-20 huwahi kitendanishi kabla yake. Suluhisho ni kuzifunika hizo mbili kwanza, kisha kuipunguza ile ya C-11, na mwisho kuzifunua. Ubanaji uleule unaoichelewesha ketoni hiyo ndio unaohakikisha kwamba haidrojeni inaingia kutoka upande mmoja tu. Katika betamethasoni, alkoholi ya C-11 huenda hatua zaidi: huondolewa kama maji ili kupata kifungo maradufu, na kupitia kifungo hicho florini huwekwa kwenye C-9 huku haidroksili ikirudi C-11.

8.0 Mjadala

Ukihesabu hatua zilizofafanuliwa, unaona mgawanyo ulio wazi. Hatua zilizofanyika mashambani ni kuchachusha, kupasha na kukausha. Hatua zote zilizogeuza ketoni na alkoholi zilifanyika nje. Mgawanyo huo haukutokana na siasa ya biashara peke yake. Una sababu za kikemia pia. Kalisi katika amonia ya kimiminika hudai ubaridi mkali na uangalizi. Bromini hudai vyombo visivyoliwa na asidi. Kromiamu ya daraja la sita husababisha saratani, na maji yake machafu hayawezi kuachiwa Mto Pangani. Kwa hiyo dai la kwamba Tanga ingeweza kutengeneza kotisoni kamili kwa urahisi halina msingi.

Hata hivyo, dai la kinyume, kwamba unga wa asilimia 12 ndio mwisho wa uwezo wa mahali palipo na mkonge, nalo halithibitishwi na kemia. Kutoka unga huo hadi hekojenini asetati safi zinahitajika hatua tatu: kuchopoa kwa kiyeyusho, kufunika kwa asetati, na kufuwelisha. Hakuna kati ya hizo inayodai ubaridi mkali, metali hatari au kromiamu. Kinachodaiwa ni boila ya mvuke, mtambo wa kurejesha kiyeyusho, na maabara ya kupima usafi. Tofauti ya thamani kati ya unga mchafu na fuwele safi yenye kundi kinga tayari ni kubwa, kwa sababu mnunuzi hupokea kitu kilicho tayari kwa bromini.

Hatua ya uoksidishaji pia inaweza kufikiriwa upya. Sodiamu haipokloraiti, iliyomo katika dawa za kung'arishia nguo nyeupe, ikichanganywa na asidi asetiki huoksidisha alkoholi za daraja la pili kuwa ketoni, na mabaki yake makuu ni chumvi na maji. Tahadhari ni kwamba klorini inaweza kushambulia vifungo maradufu na kaboni jirani na ketoni, hivyo mbinu hii hufaa pale ambapo molekuli bado haina vifungo hivyo na kipimo cha kitendanishi kinadhibitiwa.

Ni lazima pia kukiri ushindani. Mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Upjohn ya Marekani walitangaza kwamba ukungu wa jenasi Rhizopus unaweza kuweka haidroksili moja kwa moja kwenye C-11 ya projesteroni. Tangu hapo, steroidi zisizo na oksijeni katika pete ya tatu, kama diosjenini ya viazi vikuu vya Mexico, ziliweza kutumika, na faida ya ketoni ya C-12 ikapungua. Baadaye bakteria walitumika kukata mnyororo wa steroli za soya. Hekojenini haikutoweka, lakini ilipoteza upekee wake.

Mageuzi hayo yana upande mwingine unaoihusu Tanga moja kwa moja. Mkonge chotara namba 11648, uliozalishwa kutokana na Agave amaniensis na Agave angustifolia katika utafiti uliofanyika mkoani humo, ambako kituo cha Mlingano wilayani Muheza kimebaki kuwa kitovu cha utafiti wa zao hili, ndio unaotawala mashamba ya China. Huko, tigojenini ya mkonge imetumika kama malighafi ya dawa za steroidi. Kwa hiyo hata ile sapojenini isiyo na ketoni ya C-12, iliyowahi kuonwa kuwa uchafu wa kuondolewa, imepata kazi. Mbegu ilitoka Tanga. Kemia yake ikaendelezwa kwingine.

Uzito wa suala hili ulionekana upya mwezi Juni 2020, pale utafiti uliofanyika Uingereza ulipoonesha kwamba deksamethasoni hupunguza vifo vya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni. Dawa hiyo, pamoja na haidrokotisoni, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Steroidi za jamii hii hutumika pia kukomaza mapafu ya watoto wanaotarajiwa kuzaliwa kabla ya wakati. Mgonjwa anayepewa dawa ya aina hii katika Hospitali ya Bombo, mjini Tanga, yuko mwendo mfupi tu kutoka mashamba ambayo utomvu wake una mifupa ya molekuli hiyohiyo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba njia ya kutoka utomvu wa mkonge hadi kotisoni ni mfululizo wa maamuzi kuhusu alkoholi na ketoni: ipi ifunikwe, ipi iachwe wazi, ipi ihamishwe, na ipi ipunguzwe kutoka upande gani. Ketoni ya C-12 ilikuwa na thamani kwa sababu jirani yake mmoja, C-13, hana haidrojeni, na hivyo huilazimisha bromini kwenda C-11. Kotisoni yenyewe hufanya kazi pale tu ini linapoipunguza ketoni yake ya C-11 kuwa alkoholi. Mwanzo na mwisho wa njia vinategemea mabadiliko yaleyale mawili ambayo mwanafunzi hujifunza kwa asetoni na propanoli-2.

Kutokana na ufafanuzi huo, mambo matatu yanapendekezwa kwa watafiti. Kwanza, uwiano wa hekojenini na tigojenini upimwe shamba kwa shamba katika mkonge unaolimwa sasa Muheza, Korogwe na Pangani, kwa kuwa aina ya mkonge imebadilika tangu miaka ya 1950 na takwimu za wakati ule haziwezi kutegemewa peke yake. Pili, uzalishaji wa hekojenini asetati upimwe kama kazi inayoambatana na matumizi mengine ya taka ya mkonge, hasa biogesi, kwa kuwa tope linaloachwa baada ya kuchopoa sapojenini bado lina mata ya kuchachusha. Tatu, upunguzaji wa hekojenini kuwa rokojenini uingizwe katika mazoezi ya maabara ya kemia ya kaboni vyuoni. Mwanafunzi anayeanza na jani la mkonge na kumaliza na fuwele ya alkoholi aliyoitengeneza mwenyewe atakuwa amejifunza hidrolisisi, uteuzi na mkao wa molekuli kwa kitu anachokiona kila siku kando ya barabara.